Dawa Yenye Mchungaji

Ukiifungua spika ya redio kuukuu, nyuma kabisa, chini ya karatasi nyeusi na waya mwembamba uliojisokota, utakuta sumaku. Ni duara, ina tundu katikati, na ni nzito kuliko inavyoonekana. Mimi nimezitoa nyingi. Kazi yangu ni kutengeneza simu, na redio zikiletwa sizikatai, katika kibanda kimoja hapa mjini Garissa, kando ya barabara inayokwenda soko la mifugo. Skrubu na bisibisi nazibandika juu ya sumaku ili zisipotee. Sumaku moja tu ndiyo siitumii. Iko ndani ya kopo la maziwa ya unga chini ya meza, imefungwa kwa kipande cha shuka ya mama yangu, na kitambaa hicho sijakifua.

Shule nilifika kidato cha nne, na cheti changu si cha kutundika ukutani. Lakini fizikia niliipenda. Siku moja mwalimu alimwaga unga wa chuma juu ya karatasi, akapitisha sumaku chini yake, na unga ukasimama wima kama nywele za paka aliyeogopa. Darasa zima lilicheka. Mimi nilinyamaza, nikajiona nimefunuliwa siri kabla ya wengine. Tangu hapo nikawa mtu wa kuamini kwamba kila kitu kibovu kina njia ya kupona, ni vile tu hatujaiona. Mteja akiniletea simu iliyotumbukia kwenye dumu la maziwa, nilimwambia, "Usijali, itaamka," hata kabla sijaifungua. Majirani wa vibanda walinitania kwamba nikiulizwa saa nitajibu inshallah.

Habari ya zile chembe niliisoma kwenye simu mchana mmoja, soko likiwa limelala kwa joto. Iliandikwa kwa Kiingereza kigumu na niliirudia mara tano. Wataalamu wa nchi za mbali wanatengeneza chembe za chuma, ndogo mno, ndogo hata kuliko chembe za damu yenyewe. Wanazipaka dawa ya saratani juu yake. Zinaingizwa kwenye mshipa, kisha sumaku inawekwa nje ya mwili, juu ya pale palipo na uvimbe, na chembe zinavutwa zikusanyike pale pale. Dawa inafanya kazi yake mahali pamoja, na mwili uliobaki unaachwa na amani. Chuma chenyewe, waliandika, ni ndugu wa kutu.

Kutu! Nilicheka peke yangu kibandani. Mimi nafuta kutu kwenye simu kila siku kwa spiriti na mswaki, kumbe watu wengine wanaifanya dawa.

Wakati huo mama yangu alikuwa Buna, kule Wajir Kaskazini, na mbuzi wake na ngamia wachache. Hakuniambia kwamba anaumwa. Aliyeniambia ni abti yangu, yaani mjomba, kaka yake. Alipiga simu akasema nyama haishuki tena kooni mwa dada yake, kisha anjera, mkate wetu laini, haishuki, sasa ni chai ya maziwa tu. Walikuwa wameshamchoma. Kwetu maumivu ya kifua hutibiwa kwa moto: fundi hupasha msumari mpaka uwe mwekundu, kisha huugusa mwili pale panapouma. Mama aliposhuka kwenye basi hapa Garissa alikuwa na alama tatu kifuani, zimepangwa kama mawe ya jiko. Nilipoziona nililia. Yeye alicheka.

"Hooyo, usilie. Chuma kilikosea njia kidogo tu."

Kwa asiyejua, hooyo ni mama, lakini kwetu mama naye humwita mtoto wake hooyo. Kwa hiyo mimi nilimwita hooyo na yeye akaniita hooyo, na mgeni akitusikiliza asingejua nani alimzaa mwenzake. Miezi ile hata mimi sikujua.

Hospitalini walimpitisha kamera kooni, wakachukua kinyama cha kupimwa, tukangoja majibu. Daktari alikuwa mwanamke, mgeni wa huku, mpole, asiyejua Kisomali. Mama hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na bei ya mbuzi. Mkalimani nilikuwa mimi.

Kabla hatujaingia, abti alinivuta pembeni. Kisha tulipoingia akamwambia daktari mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Daktari, hii mama usiambie jina ya ugonjwa. Sisi tunajua, inatosha. Yeye akijua atakufa kabla ya siku yake."

Daktari akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa. Kwetu ndivyo ilivyo. Jina baya halitiwi sikioni mwa mgonjwa. Hubebwa na walio wazima. Nililiona jambo la huruma, na bado sijui kama lenyewe ni baya. Ubaya ni kwamba mkalimani akishaanza kuficha neno moja, mkono unazoea.

Daktari alieleza kwamba uvimbe uko kwenye mrija wa chakula, bado kuna nafasi, na kwamba mama anahitaji dawa za dripu, kisha mionzi. Akasema dawa hizo ni kali, zinazunguka mwili wote: nywele zitaanguka, atatapika, atachoka. Nikamwambia mama: "Una kidonda kooni. Watakutilia dripu. Utachoka kidogo."

"Nywele je?" mama akauliza. Alikuwa ameona kichwa cha mwanamke mwenzake pale benchi, shungi lilipoteleza.

"Zitaota tena."

Ndipo nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza daktari habari ya chembe za chuma. Alishangaa, halafu akatabasamu kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

"Umesoma wapi hayo?"

"Kwenye simu."

"Ni kweli wanajaribu," akasema. "Wamejaribu zaidi kwa panya, na kwa watu wachache sana. Sumaku inavuta vizuri kwenye ngozi, lakini ndani ya kifua nguvu yake inaisha njiani. Hapa kwetu haipo, na hata huko kwao si dawa ya kuandikiwa mgonjwa. Sikiliza, dada. Usimpe mama hiyo habari kama ahadi. Dawa yake ni hii tuliyo nayo, na ni sasa."

Nilisikia kila neno. Sitaki mtu aseme nilielewa vibaya kwa sababu shule yangu ni ndogo. Nilielewa.

Lakini jioni ile, kwenye chumba chetu mtaa wa Waberi, mama alikaa kwenye mkeka ameshika nywele zake. Zilikuwa ndefu bado, zimepakwa hina. Alikuwa anazisuka na kuzifumua, akisuka na kufumua. Sikuweza kutazama. Nikachukua glasi, nikatia maji, nikatia mchanga mweusi. Ule mchanga nilikuwa nao tangu utotoni: ukiburuta sumaku kwenye laga kavu, mkondo wa mvua usio na maji, huja na manyoya meusi, na manyoya hayo ni chuma. Nilikoroga maji yakawa kama chai iliyochacha. Kisha nikaweka sumaku ya redio ubavuni mwa glasi, na mchanga wote, taratibu, ukahama ukakusanyika pale.

"Subhanallah," mama akasema. Akaichukua sumaku mwenyewe. Akaizungusha, mchanga ukamfuata. Akacheka mpaka akakohoa. "Wanafuata kama mbuzi!"

Nikamweleza. Dawa ya dripu, nikasema, inaingia mwili mzima. Hii nyingine inaitwa mahali pamoja.

Mama alikuwa mfugaji tangu akiwa na meno ya utoto. Alielewa upesi kuliko mimi nilivyoelewa kwenye simu. "Yaani ile ya hospitali ni mbuzi wasio na mchungaji," akasema. "Wanaingia kila shamba. Wanakula magugu, wanakula mahindi, wanakula nywele zangu. Na hii ina mchungaji."

"Ndiyo hivyo hasa, hooyo!"

"Inakuja lini?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ni ya panya. Ni maneno machache tu, hayahitaji cheti. Niliutazama uso wake, umeng'aa kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi, nikasema, "Karibu, inshallah."

Wiki iliyofuata tulirudi kuanza dripu. Walimpima, damu ikaonekana imepungua mno. Daktari akasema hawezi kuanza akiwa hivyo. Akampa vidonge vya kuongeza damu na akasema arudi baada ya wiki tatu.

Mama akauliza vidonge ni vya nini. Nikasema, "Ni vya damu. Vina madini ya chuma."

"Chuma?"

"Eeh, chuma. Ndicho kinachojenga damu."

Aliifunga ile pakiti kwenye pindo la shuka kwa mafundo mawili.

Kisha akasema anataka kwenda Buna anywe maziwa ya ngamia, damu ipande upesi. Daktari hakukataa, ila alininyooshea kidole. "Wiki tatu, si zaidi. Ule uvimbe hautungoji. Mwambie hivyo hivyo."

Nikamwambia mama: "Daktari anasema nenda, upumzike, urudi baada ya wiki kama tatu ukipata nguvu."

Asubuhi ya safari aliniomba ile sumaku. "Nikawaonyeshe wale watoto wa huko," akasema. Nilifurahi. Niliifuta vumbi kabla ya kumpa.

Wiki tatu zilipokwisha alisema mvua imekata barabara. Baadaye akasema ngamia mmoja anakaribia kuzaa. Simu ya huko hushika na kuachia, na nikimpata sauti yake ilikuwa ya furaha, nami nikaitamani furaha ile kuliko nilivyotamani ukweli. Siku moja alinipigia nikiwa na mteja, chuma cha kulehemu mkononi.

"Hooyo, sumaku inavuta kila chuma?"

"Karibu kila chuma."

"Hata kikiwa ndani ya mwili?"

"Hata ndani ya mwili, ndio uzuri wake," nikasema. Nilidhani tunaota pamoja, kama kawaida yetu. Mteja alikuwa anagonga meza.

"Alhamdulillahi," akasema mama. "Basi ugonjwa umeanza kutoka."

"Alhamdulillahi," nikajibu, nikamwambia mteja simu yake itaamka.

Abti naye aliniambia dada yake anakula. Baadaye nilijua kwamba mama alikuwa anakula mbele ya abti, kisha anatoka nyuma ya boma kutapika. Miezi miwili ikapita, ukaingia wa tatu. Daktari aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nikasema yuko njiani.

Alikuja abti akiwa amembeba mama. Sisemi kwa mfano. Alimshusha kwenye basi mikononi kama mtu anavyobeba mwana-kondoo aliyezaliwa njiani, na miguu yake ilikuwa imekuwa midogo kuliko viatu vyake. Hata mate yalikuwa hayashuki.

Daktari aliagiza picha ya kifua. Kwenye chumba cha eksirei, fundi wa picha, msichana wa rika langu, alisema vitu vyote vya chuma vitolewe: bangili, hereni, vifungo. Nikamvua mama bangili. Nilipolegeza shuka kifuani nikagusa kitu kigumu. Kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa, kimezungushwa mgongoni mara tatu, kimekaa juu ya zile alama tatu za moto. Ngozi ya chini yake ilikuwa imelainika na kubabuka.

Mama akaniwahi mkono. Hakuwa na nguvu ya kusimama, lakini mkono ule ulinishika kama wa mchungaji aliyekamata mbuzi mguu.

"Usitoe."

"Hooyo, ni lazima. Ni chuma."

"Najua ni chuma. Ukitoa sasa, dawa itatawanyika. Nimeikusanya miezi yote hii. Waeleze, hooyo. Wewe si ndiye uliyenieleza?"

Fundi wa picha akauliza, "Anasema nini?"

Daktari alikuwa amesimama mlangoni, akaniuliza hivyo hivyo. "Anasema nini?"

Mama akaendelea kuongea, kwa pumzi fupi, akijua sasa kwamba ana wasikilizaji. Alimeza vidonge vya chuma kila siku bila kukosa, vilipokwisha akatafuta vingine zahanati ya huko, viliposhindikana kushuka akavisaga kwenye maziwa. Sumaku hakuivua hata wakati wa kuoga. Mwanzoni alijaribu kukisogeza kidonge karibu na sumaku kikakataa kutembea, akaona ni kwa sababu ya ganda lake, kikifika ndani kitavua ganda. Na choo chake kikawa cheusi kama mchanga wa laga, ndipo akajua ugonjwa unatoka. Ile ya dripu hakuihitaji tena. Alitaka kuja kuniambia amepona, ili nisifukuzane na hospitali na kazi.

Wote walikuwa wananingoja mimi.

Nikatafsiri. Kwa mara ya kwanza tangu tuingie hospitali ile nilitafsiri neno kwa neno, bila kupunguza, bila kutia asali. Nilitafsiri hata pale aliposema ni mimi niliyemwambia. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Sikuona hasira usoni mwake, na ningeipokea kwa shukrani. Akasema taratibu kwamba vile vidonge huwafanya watu wote choo kiwe cheusi. Akasema nimwambie.

Nikapiga magoti kando ya meza ya picha. Nilimwambia vile vilikuwa vidonge vya damu tu, kama wanavyopewa wajawazito. Ile yenye mchungaji ipo, lakini ni ya panya, nchi za mbali, na mimi nilijua. Nilijua siku ile ile ya glasi.

Mashine ilikuwa inanguruma.

"Basi ulikuwa unanibembeleza," akasema.

"Ndiyo, hooyo."

"Mimi nilikubembeleza ukiwa mtoto. Mimi nina umri gani?"

Akaulegeza mkono wake, akafungua fundo mwenyewe, mizunguko mitatu, akaniwekea sumaku kiganjani na kitambaa chake. Ilikuwa ya moto kwa joto la mwili wake.

Picha ilionyesha kile ambacho daktari alikuwa amekwisha kukijua. Dripu haikuwezekana tena, mwili usingeibeba. Walimwekea kimrija cha kupitisha maziwa, akanywa maziwa. Nywele zake hazikuanguka hata moja. Alizikwa nazo ndefu, zenye hina. Wanawake waliomwosha waliniambia nywele zilikuwa nzuri mno, wakidhani wananifariji.

Abti hakunilaumu. Alisema ni qadar, Mungu alikwisha kuandika. Nayaamini maandishi ya Mungu. Ila najua pia maneno yaliyotoka kinywani mwangu, na hayo hakuyaandika mwingine.

Bado nasoma habari za zile chembe. Kila mara wanaandika kwamba wamefika karibu. Sasa zinavutwa vizuri zaidi, sasa zinapashwa joto ziuchome uvimbe kutoka ndani, chuma cha moto kinachojua njia. Huenda ni kweli. Zamani ningewasomea majirani wa vibanda kwa sauti. Sasa nasoma, nafunga, naendelea kulehemu.

Hospitalini wamenizoea. Wauguzi wakipata mgonjwa asiyejua Kiswahili na hana wa kumtafsiria, hunipigia, nami hufunga kibanda nikaenda. Wengine wamelalamika. Wanasema yule msichana hana adabu ya maneno, analitupa neno kama jiwe.

Majuzi ilikuwa ni mzee mmoja na binti yake. Binti anajua Kiswahili kidogo, lakini hakutaka kumtafsiria baba yake mwenyewe. Daktari alisema aliyosema. Nikageuka kumwambia mzee, binti akanishika mkono. "Walaal, ndugu yangu, mwambie kidogo tu. Mengine niachie."

Nikasema naweza kutoka wakitaka, lakini nikikaa nitasema yote.

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe huna mama?"

"Sina," nikasema.

Mkono ukaniachia. Nikamwambia mzee jina la ugonjwa wake, na dawa, na kwamba itazunguka mwili wote, na nywele. Kisha nikamwambia tarehe ya kurudi. Nikamtaka airudie. Akairudia. Nikamtaka airudie tena.